Usiku wa Kwanza



Vijana wenzangu, leo naomba tuongee kuhusu gemu. Najua kuna wazazi watakaosoma haya na kukunja uso, lakini watulie kidogo. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation yake nyumbani, na inasimuliwa kwamba alijiwekea saa moja tu ya kucheza kwa wiki. Saa moja, jamani. Wengine wetu saa moja inaisha tukisubiri gemu lijipakue upya.

Gemu lenyewe ni Minecraft. Wanaolicheza wanajua, na wasiolijua nitawaeleza. Unatupwa kwenye dunia usiyoijua, mikono mitupu, hakuna anayekuambia ufanye nini. Siku nzima ya mle ndani ni dakika 20 za saa yako ya ukutani. Mchana ni kama dakika 10, usiku ni kama dakika 7, zinazobaki ni za machweo na mapambazuko. Kwa hiyo una dakika kumi za kukata mti, kutafuta makaa, kutengeneza mwenge, na kupata mahali pa kujificha. Mgeni huzitumia hizo dakika kumi kushangaa. Anafukuza kuku, anachuma maua, anapanda mlima aone mandhari. Halafu jua linazama, na wao wanatoka.

Zombi wanakuja wakiguna, taratibu, lakini hawakati tamaa. Mifupa inatembea na upinde na kukulenga kutoka mbali. Buibui wakubwa wanapanda ukuta uliodhani umekuzuia usalama. Na kuna kile kiumbe cha kijani kisicho na mikono, wachezaji wanakiita kripa, ambacho hakigombani na wewe kabisa: kinakusogelea kimya, kinatoa mlio kama wa nyoka, na baada ya sekunde moja na nusu kinalipuka na kila kitu kilichokizunguka.

Kwa muda niliofundisha Kipaimara nimewauliza vijana wengi: ulipona vipi usiku wako wa kwanza? Hakuna hata mmoja aliyeniambia, "Niliwapiga wote." Anayepona ni yule aliyechimba tundu ubavuni mwa kilima, akaingia, akaziba mlango kwa udongo, akachomeka mwenge ukutani, akatulia mpaka asubuhi. Anayetoka nje na upanga wa mbao kujionyesha ushujaa, habari yake huwa fupi.

Sasa turudi kwetu. Yoshua bin Sira, mwanzoni kabisa mwa sura ya 2, anamwambia mwanae kwamba akija kumtumikia Bwana aiandae roho yake kwa majaribu. Hasemi "baadaye ukishakomaa." Anasema ukija. Na Marko sura ya 1 anaonyesha jambo lile lile kwa Bwana mwenyewe: Yesu anatoka majini kubatizwa, sauti ya Baba bado iko masikioni, na mara hiyo hiyo Roho anamtoa kwenda jangwani, siku arobaini, na Shetani yuko huko. Maji ya Yordani hayajakauka vizuri mwilini.

Nalisema hili kwa sababu nimewaona vijana wanaolia bila sababu ya kulia. Mtu anatoka kwenye mafungo ana moto, ameungama maungamo ya miaka mitatu, amefuta namba fulani kwenye simu. Jumanne usiku, yuko peke yake chumbani, bando lipo, na kile alichokiacha kinabisha hodi kwa nguvu kuliko zamani. Anasema, "Basi kitubio changu hakikuwa cha kweli." Hapana, ndugu yangu. Jua limezama tu. Huo ni usiku wako wa kwanza, na kuwasikia wakiguna nje ya mlango hakumaanishi kwamba wameshaingia ndani. Kujaribiwa siyo dhambi. Ningependa hilo liandikwe kwenye kuta za hosteli zote.

Jambo la mwanga nalo lina utamu wake. Katika matoleo ya Minecraft tangu mwaka 2021, katika ile dunia ya kawaida unayoanzia, maadui hawa wa usiku huzaliwa tu palipo na giza totoro. Mwenge mmoja tu, na hapo karibu yake hazaliwi mtu. Mtakatifu Ignasi wa Loyola angelipenda hili. Alikuwa askari, mguu wake ulivunjwa na mzinga kule Pamplona mwaka 1521, na alipoandika kanuni zake za kupambanua roho alieleza kwamba adui anafanana na mtu anayemshawishi binti kwa siri: kitu anachokiogopa kuliko vyote ni binti yule kwenda kumwambia baba yake. Nina kijana ninayemfahamu aliyekuwa anaweka mikeka ya mpira mpaka nauli ya kwenda kazini. Alisali, alifunga, aliapa. Kilichomsaidia kupiga hatua ya kwanza ni siku alipomwonyesha dada yake mkubwa ujumbe wote wa miamala kwenye simu. Dada hakuhubiri. Alikaa tu akasoma. Lakini mle ndani mlikuwa na mwenge sasa.

Ignasi huyo huyo anaongeza kwamba adui ni kama jemadari anayezunguka ngome akitafuta upande dhaifu, na hapo ndipo anapopiga. Wachezaji wanalijua: umeziba mlango, umeziba madirisha, umesahau tundu moja darini. Wewe mwenyewe unalijua tundu lako kuliko padre. Wapo ambao tundu lao ni saa: kuanzia saa tano usiku akili imechoka na kidole kinatelezesha kioo. Wapo ambao ni mtu. Wapo ambao ni njaa, nasema kweli, mtu mwenye njaa hugombana na kila mtu.

Kuna adui mwingine mle, mrefu, mweusi, ambaye hana shida na wewe mpaka umtazame usoni. Ukimkwepa kwa macho anapita zake. Daudi juu ya dari ya nyumba yake, 2 Samweli 11, angetueleza zaidi. Sina haja ya kuendelea, mmenielewa.

Lakini ninayetaka tukae naye ni yule kripa. Asubuhi ikifika, zombi wengi na mifupa huwaka moto juani wakafa, na buibui hupoa, hawakusumbui usipowagusa. Unafungua mlango, unaona majani yanang'aa, unasema, "Asante Mungu, nimepona." Kumbe kripa haungui kwa jua. Yuko pale pembeni ya nyumba yako, mchana kweupe, kimya. Wengi wamepona usiku mzima wakafa saa mbili asubuhi.

Wazee wetu wa jangwani walimjua adui wa namna hii. Evagri wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4 kule Misri, alimwita pepo wa adhuhuri, akikumbuka Zaburi ya 91 inayotaja tauni ya mchana. Anaeleza kwamba humjia mmonaki jua likiwa kali, akamfanya aone jua halisogei, achungulie dirishani mara kwa mara, achukie mahali alipo na kazi anayofanya, aanze kuwaza kwamba ndugu zake hawampendi, na kwamba kule kwingine mambo yangekuwa rahisi. Hakuna dhambi ya kutisha hapo. Ni uchovu tu wa kumpenda Mungu. Katekisimu namba 2733 inauhusisha na kulegea kwa kukesha na moyo kuwa mzembe.

Na ninyi mnaujua. Kijana ameshinda usiku wake, ameacha pombe, yuko kwaya, yuko jumuiya. Mwezi wa nne hivi, sala inakuwa kama kutafuna karatasi. Kwaya wanamkera. Anaanza kuruka Jumapili moja, siyo kwa sababu ya dhambi kubwa, ni mvua tu, ni usingizi tu. Hakuna kelele yoyote. Ule mlio wa nyoka ukisikika, mtu ameshakuwa karibu mno. Dawa ya Evagri haina mbwembwe: baki chumbani mwako, usikimbie, maliza kazi iliyo mkononi. Sala tatu za Malaika wa Bwana kwa siku, hata bila hisia yoyote, ni kubaki chumbani.

Mvulana mmoja wa Kipaimara aliniuliza: "Mwalimu, kwenye gemu unaweza kuchagua hali ya amani, maadui wote wanatoweka. Mungu kwa nini asituwekee hiyo?" Swali zito kuliko umri wake. Nilimsomea Yohane 17:15, Yesu anapomwomba Baba, si awatoe wafuasi wake ulimwenguni, bali awalinde na yule mwovu. Nikamwambia kwamba aliyeomba hivyo, usiku ule ule alikwenda bustanini na kukesha mwenyewe. Hakuridhika sana, na sikumlazimisha aridhike.

Niseme na hili la kufa, maana mle ndani utakufa. Ukifa, kila ulichobeba kinabaki pale ulipoanguka, na ukishafika tena karibu navyo una dakika tano kabla havijatoweka. Basi mtu akifufuka anakurupuka usiku huo huo, hana ngao, hana hata nguo, anakimbilia vitu vyake, na anakufa tena palepale. Wenye uzoefu hawafanyi hivyo. Kwanza wanajali wanafufukia wapi: ulipolala kwenye kitanda, hapo ndipo unaporudi. Sufu tatu na mbao tatu tu. Kwa sisi kitanda hicho kipo parokiani, kwenye kitubio, na kinatakiwa kiandaliwe kabla hujaanguka. Ijue siku anayokaa padre wako. Ijue njia, ili ukiwa umevunjika usianze kuuliza.

Petro na Yuda wote wawili walianguka usiku mmoja. Yuda alirudisha fedha, akataka kuyarekebisha mwenyewe kulipokucha tu, akaishia pabaya. Petro alilia, kisha akabaki na wenzake. Yohane anakumbuka kwamba Petro alimkana Bwana akiota moto wa makaa, na kwamba siku ile ziwani, alipofika ufukoni amelowa chapachapa, alikuta makaa mengine, samaki juu yake, na mkate. Hakuna aliyemwuliza upanga wake uko wapi. Waliitwa kwanza waje wale.