Ushujaa kwa Ajili ya Nini?

Ndugu msomaji, tuchukue kisa kimoja tukipime kwa mizani ya dini yetu.

Tarehe 2 Disemba 1891, jeshi lililoongozwa na maofisa wa Kiingereza liliishambulia ngome ya Nilt, milimani kupita Gilgit. Waliokuwa ndani ni watu wa Nagar, Waislamu, wakiilinda njia ya kuingilia kwao. Waingereza walichelea Urusi isije ikawatangulia huko.

Kapteni Fenton Aylmer alikwenda hadi mlangoni, risasi zikimiminika, akatega baruti akaulipua. Alijeruhiwa mguuni, na mkono wa kulia mara mbili. Bado akapiga risasi 19 kwa bastola yake, hata akazimia kwa kutokwa na damu. Alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa kwa Waingereza. Luteni Guy Boisragon naye alipewa. Na wale Wagurkha walioingia pamoja nao? Hiyo ilikuwa imefungwa kwa askari wa jeshi la Kihindi mpaka mwaka 1911. Wao walikuwa na nishani yao mbali. Mlango ulikuwa mmoja, risasi zile zile!

Na waliokuwa juu ya ukuta, nani aliwaandika?

Utauliza: je, Aylmer hakuwa shujaa? Alikuwa, wala tusimdhulumu. Lakini mwizi naye huruka ukuta wa kutisha. Mtume (s.a.w.) aliulizwa juu ya mtu apiganaye kwa ushujaa, na apiganaye kwa kuwatetea jamaa zake, na apiganaye ili aonekane: yupi yuko katika njia ya Mwenyezi Mungu? Hakumsifu yeyote kwa ukali wa upanga wake. Alitaja lile linalopiganiwa, kuwa neno la Mwenyezi Mungu liwe juu. Tena akatueleza habari ya mtu atakayehukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama, aliyeuawa vitani, naye ataambiwa kuwa alipigana ili aitwe shujaa, na ameshaitwa. Hana anachodai.

Tusidhani haya ni ya wanajeshi tu. Mtoto wako akirudi jioni, kanzu imechanika na pua inatoka damu, wewe baba humuuliza nini kwanza: "Umempiga?" au "Mligombania nini?"