Kualikwa na Kuzuiwa

Katika zama hizi hapana jambo linalotajwa kwa taadhima katika mabaraza ya mataifa kama mazungumzo ya vijana, wala sijapata kumsikia mtu mwenye akili timamu akisimama kuyapinga. Viongozi wa Afrika na wa Ulaya walipokutana Abidjan mwezi Novemba 2017, katika mkutano wao mkuu wa tano, waliwafanya vijana kuwa maudhui ya kikao kizima. Na mialiko ya vijana wa mabara haya mawili, wavae vitambulisho shingoni, waketi kwa duara, waambiwe kwamba mustakabali ni wao, imekuwa desturi. Ama maana ya mazungumzo na maana ya ushirikiano, hizo zajulikana na sina haja ya kumchosha msomaji nazo: watu wasemezane, kila mmoja asikie, kisha wafanye pamoja jambo ambalo mmoja peke yake asingaliliweza. Maana ya kijana nayo imekwisha kuandikwa katika Mkataba wa Vijana wa Afrika uliopitishwa Banjul mwaka 2006, kwamba ni mtu wa umri wa miaka 15 hata 35, na mwenye kutaka kubishana juu ya hilo na abishane na waliotia saini.

Ninaloandikia ni jambo jingine, na heri niliseme wazi ili msomaji ajue hamaki yangu yatoka wapi. Mpwa wangu, binti wa miaka 24, mwenye kazi ya mkataba katika shirika dogo linalopanda mikoko, alialikwa katika mji mmoja wa Ulaya akazungumze na vijana wenziwe juu ya fukwe zinazoliwa na bahari. Waalikaji walimlipia nauli na malazi. Yeye akakusanya kila alichoambiwa akusanye: taarifa ya benki ya miezi mitatu, barua ya mwajiri, bima ya safari ya kima cha yuro 30,000, tiketi ya kwenda na kurudi, picha ya uso usiotabasamu, na ada ya yuro 90 ambayo hairudishwi kwa anayekubaliwa wala kwa anayekataliwa. Akaweka vidole vyake vyote kumi juu ya kioo. Majuma machache baadaye pasi ikarejea pamoja na karatasi iliyopigwa chapa, yenye orodha ya sababu na visanduku kando yake, na kisanduku kimoja kimetiwa alama: ipo shaka kama kweli wakusudia kutoka katika nchi zetu kabla ya muda wa viza kwisha. Aliponiletea alisema, "Mjomba, nisomee tena, huenda sikufahamu." Nikamsomea tena. Alikuwa amefahamu.

Tuizingatie mantiki ya karatasi ile. Afisa anayepima nia ya msafiri hutafuta vifungo vinavyomshika mtu kwao, yaani nyumba, shamba, mume au mke, watoto, akiba, kazi ya kudumu. Naye kijana ni nani, kama si mtu ambaye mambo hayo aghalabu hajayapata bado, na ambaye kutoyapata huko ndiko kunakomfanya awe na nafasi ya kusafiri, kujifunza na kubadili mawazo? Kumtaka athibitishe kwamba amekwisha kujenga na kuzaa na kuweka akiba ni kumtaka aje hali si kijana tena. Ujana wake ndio uliomfanya aalikwe, na ujana huo huo ndio uliomfanya ashukiwe. Hazina ya dola, kupitia waalikaji, ikachangia nauli, na ofisi nyingine ya dola hiyo hiyo ikamzuia msafiri, pasipo mmoja katika maofisa wale kuona kwamba pana mgongano wowote. Fauka ya hayo, nia ya kurejea haina ushahidi wa yakini ila kurejea kwenyewe, na asiyeruhusiwa kwenda hana njia ya kurejea; kwa hiyo binti huyu amehukumiwa kwa kukosa ushahidi ambao hukumu yenyewe imemzuia asiutoe.

Najua yatakayosemwa. Kila dola ina haki ya kulinda mipaka yake, na wapo vijana walioalikwa mikutanoni wakatoweka kabla ya mkutano kwisha. Ni kweli vilevile kwamba sisi kwa sisi twafungiana milango, maana itifaki ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2018 juu ya watu kusafiri huru barani imeridhiwa na nchi chache mno. Hoja hizo ni za insafu, nazipokea, nazipita.

Iko hoja moja, lakini, ambayo kila niisikiapo damu hunichemka. Niliisikia kwanza barazani kwetu baada ya sala ya alasiri, kwa bwana mmoja msomi ambaye sote twamheshimu. "Mzee, mbona wajipa taabu?" aliniuliza. "Maneno siku hizi hayahitaji pasi. Si wamempa nafasi ya kusema kwa mtandao?" Kisha nikaikuta kwa waalikaji wenyewe, katika barua ya upole usio na kifani, iliyosikitika kwa mstari mmoja na kuisifu teknolojia kwa mistari minne.

Basi na tuitazame fadhila hiyo ya mtandao. Mpwa wangu alipewa dakika kumi. Aliketi chumbani kwa shangazi yake, mahali ambapo intaneti haikatikikatiki sana. Feni ikazimwa isivume ndani ya kipaza sauti, watoto wakapelekwa kwa jirani. Akaeleza habari za kisiwa cha Maziwe, mkabala na Pangani, ambacho wazee wa huko wanakikumbuka kikiwa na miti na kasa wakitaga mayai mchangani mwake, nacho leo ni fungu ambalo maji yakijaa hulifunika. Kijana mmoja wa Uholanzi, nchi ambayo takriban robo ya ardhi yake iko chini ya usawa wa bahari, akainua mkono kuuliza. Swali lilipofika nusu, mwongoza kikao akasema muda umekwisha, akabonyeza kitufe cha kumnyamazisha mgeni. Wote wakainuka kwenda kunywa kahawa. Hapana aliyekumbuka kuzima kamera, na binti yule, ambaye hakuambiwa aondoke wala abaki, akakaa muda wote wa mapumziko akitazama viti vitupu na koti la mtu lililoachwa mgongoni mwa kiti, na kicheko cha wenziwe kikimfikia kwa mbali.

Nauliza: mazungumzo yalikuwa katika dakika kumi zile, au yalikuwa huko kwenye kahawa? Ukumbini kila mmoja alisema aliloliandika nyumbani kwake. Penye kahawa ndipo Mholanzi yule angalichora juu ya karatasi ya kupangusia mikono jinsi maji yanavyosukumwa nje ya mashamba yaliyo chini ya bahari, na mpwa wangu angalimwambia lile ambalo haliandikwi katika taarifa za wafadhili, kwamba miche ya mikoko ikipandwa kwa fahari na picha zikapigwa, lakini ikapandwa kwenye tope lisiloifaa, hufa yote. Hapo wangalikuwa wameanza kushirikiana, na kwa kweli walikuwa na jambo la kushirikiana.

Tena hoja ile ina kasoro nzito zaidi, nayo ni kwamba wanaoitoa hawaifuati wao wenyewe. Lau maneno yangekuwa hayahitaji miili, wale vijana wengine wangekusanyikia nini ukumbini? De Gaulle na Adenauer walipotia saini mkataba wa urafiki wa Ufaransa na Ujerumani tarehe 22 Januari 1963, hawakuwaambia vijana wao kwamba simu ipo na posta ipo. Mwezi Julai mwaka huo huo iliundwa Ofisi ya Vijana ya Ufaransa na Ujerumani, ikapewa fedha za serikali zote mbili, na kazi yake ikawa kuwawezesha watoto wa watu waliouana katika vita vikuu viwili kwenda kukaa pamoja, kula pamoja na kukerana ana kwa ana. Waliopitia mikononi mwake tangu hapo wanazidi milioni 9. Mpango wa Erasmus ulioanza mwaka 1987 kwa wanafunzi wa vyuo vikuu umejengwa juu ya itikadi iyo hiyo. Ulaya, basi, yajua kwa tajiriba yake yenyewe, na kwa gharama kubwa iliyoitoa kwa hiari, kwamba sauti haitoshi. Wakati wa kuwapatanisha watoto wake ilinunua tiketi za treni; wakati wa kusema na watoto wetu imegundua ghafla kwamba mwili ni anasa.

Na kwa kuwa nimekwisha kutaja miili na safari, msomaji aniwie radhi nitaje pepo. Watu wa pwani hii hawakuhitaji kufundishwa mazungumzo ya kanda za dunia, kwa kuwa kaskazi ilikuwa ikiwaleta wageni kila mwaka kutoka Sur na Maskati, Shihri na Kuwait, na wageni hao, wakiisha kushusha tende na mazulia, hawakuweza kurudi hata wangetaka, mpaka kusi ivume. Miezi kadhaa mtu alikaa. Akajifunza lugha, akakopa, akadaiwa, akaugua akauguzwa, wengine wakaoa. Kisha akapakia boriti za mikoko za Rufiji na Lamu, akaenda kuezekea nyumba za Ghuba ambako miti ni haba. Sisemi bahari ile ilikuwa ya peponi: majahazi hayo hayo yalichukua watumwa, na aliyechukuliwa hakuulizwa kama anakusudia kurejea. Nasema tu kwamba baina ya waungwana upepo ulimfanya kila mmoja awe mgeni kwa zamu, naye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi wa *Desturi za Wasuaheli* iliyochapwa mwaka 1903, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, aliufikia wakati ambapo zamu hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa. Mwaka 1905 alitaka kurejea kwao pamoja na mkewe Mjerumani, serikali ya kikoloni ikamzuia kuingia naye, ikambidi arudi Ujerumani. Nia yake ya kurejea haikuwa na shaka yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa hatia.

Nimekwenda mbali, lakini sidhani kama nimepotea. Hoja yangu, kama ninayo, ni kwamba mahali ambapo mmoja ni mwenyeji daima na mwingine ni mwombaji daima, yanayosemwa hapo hugeuka kuwa usaili wa aliyekuja kuomba. Kijana wa Ulaya atakaye kuja Tanga hulipa dola 50 za viza, akashuka uwanjani, na hapana anayempekua moyo. Simwonei wivu, natamani tu ajue.

Hata hivyo mpwa wangu hakubaliani nami. "Mjomba," aliniambia, "wewe wadai heshima, mimi nadai bahari isiingie mjini. Heshima ikichelewa tutaishi. Ukuta wa kuizuia bahari ukichelewa hatuishi." Mholanzi yule alimtafuta baadaye, wakaandikiana, na sasa wanatumiana vipimo vya mawimbi. Binti anataka kuomba viza tena mwakani, alipe yuro 90 nyingine. Nilimuuliza kama katika dakika kumi zake zijazo ataitaja karatasi ile yenye visanduku, maana katika tamko la mwisho la mkutano, ambalo lilisema mengi juu ya kuondoa vikwazo, sikuona hata aya iliyotaja viza. Akajibu kwamba akiitaja, huenda mwaka wa pili asialikwe kabisa, na asipoalikwa ukuta utamkosa msemaji. Mazungumzo yakingoja usawa huenda yasianze kamwe, nalielewa hilo. Na yakianza bila usawa, usawa wenyewe huwa jambo la kwanza lisilozungumzika, kwa kuwa mgeni mwenye adabu hasemi jinsi alivyosubirishwa mlangoni. Nilimwambia hivyo. Alisema ni kweli, kisha akaniomba nimwangalizie kama taarifa yake ya benki imekamilika.