Ulimuuliza Nani?



Ndugu zangu katika imani, namshukuru Allah (S.W.) na kumswalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Baada ya hayo, nauusia moyo wangu kabla ya yenu.

Mimi nasoma taaluma za Kiislamu. Wenzangu wanaojiandaa kwa shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii walipohangaika na mbinu za utafiti, nilidhani ni somo la kufaulia mtihani tu. Shaabani iliyopita tulitumwa mtaani hapa Mbale kuwaandikisha wanaostahiki chakula cha Ramadhani. Nyumba ya bibi mmoja niliikuta imefungwa. Nikamuuliza jirani, nikaandika: "Anatunzwa na mwanawe." Bibi hakupata kitu. Nilipomtembelea baadaye nilimkuta na wajukuu watatu. Mwanawe alikwishahama mji, hatumi hata shilingi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ulimuuliza nani?"

Swali hilo si geni kwetu. Ndilo waliloliuliza maulamaa wa hadithi: umeipokea kwa nani, naye kaipata kwa nani, ni mkweli, anahifadhi vizuri? Imam Bukhari, aliyezaliwa mwaka 194 Hijria, alisafiri miji mingi kwa ajili ya swali hilo. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Jirani yule hakuwa mwongo, alisema alichodhani. Aliyeiandika dhana kama ushahidi ni mimi, na nimejuta.

Aya ya 12 ya sura hiyo inakataza dhana nyingi, kupelelezana na kusengenyana. Humo naiona adabu ya utafiti. Omba ridhaa kabla ya kuuliza. Usichungulie aibu za nyumba. Siri uliyopewa usiipeleke bwenini. Usipomkuta mtu, andika hukumkuta, urudi kesho. Ukisikia kwa jirani, andika umesikia kwa jirani, kisha ulinganishe na kauli ya mwenyewe. Wala usikae chini ya mwembe ukajijazia hojaji zilizobaki. Huo ni uongo juu ya wanyonge.

Ndugu yangu unayekwenda mazoezini likizo hii, karatasi uliyoishika ni amana. Utaulizwa nayo.

Allah atusamehe tuliyoyaandika bila ujuzi, na atujaalie ukweli katika kalamu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.