Imani Bado Anaruka

Kitu chenye kasoro kinaweza kuendelea kutufurahisha bila kasoro hiyo kusamehewa? Naamini kinaweza, na shahidi wangu ni "Coming to America", filamu ya mwaka 1988 ambayo ukiiweka leo kwenye kibanda umiza cha Kakonko benchi zima litacheka.

Eddie Murphy ni Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda, nchi ya Afrika isiyo kwenye ramani yoyote, ambako tembo hujipitia kwenye viwanja vya ikulu. Sisi wa huku Kakonko, mkoani Kigoma, tuliopokea wakimbizi Warundi kambini mwaka 2016 wakiwa na mafurushi na watoto mgongoni, Afrika ya namna hiyo hatuijui. Hilo dogo. Kubwa ni Imani.

Imani ndiye mchumba aliyelelewa tangu utotoni amtumikie Akeem. Akeem anamvuta kando, anamuuliza anapenda nini. Anajibu: chochote unachopenda wewe. Basi anamwamuru abweke kama mbwa, anabweka. Aruke kwa mguu mmoja, anaruka. Mzaha unalenga utii wa kupofusha, na umelenga vema. Ila anayeruka ni yeye. Akeem anaondoka kwenda New York kutafuta mwanamke mwenye akili zake. Imani hakuna anayerudi kumuuliza neno. Mwendelezo wa filamu hiyo ulipotoka mwaka 2021, miaka 33 baadaye, ulimkuta bado anaruka na kubweka.

Sasa linganisha na wazee wa kwa kinyozi kule Queens, New York, ambao wengi wao wameigizwa na Murphy mwenyewe na mwigizaji mwenzake Arsenio Hall. Nao wanachekwa, tena sana. Lakini wanabishana kuhusu mabondia, wanakatizana kauli, wanarudisha tusi kwa tusi. Wamepewa mdomo. Ndiyo maana hawazeeki.

Hapo ndipo naona tofauti. Anayechekwa akiwa na haki ya kujibu, kicheko kinabaki kitamu, akinyimwa, kinachacha. Ni vivyo hivyo kwa wachekeshaji wetu wanaoigiza lafudhi yetu Waha wa Kigoma: Muha anayejibu na kumshinda mjanja wa mjini tunamshangilia hata sisi wenyewe, anayeletwa awe bubu na mjinga ni dharau tu, hata ukumbi ukilipuka kwa kicheko.

Waonyesheni vijana filamu hii yote, msikate kipande. Imani akianza kuruka, isimamisheni kidogo, muwaulize: yeye angependa nini?