Kilicho Haramu na Kisichozoeleka: Wasia kwa Waendao Kukaa na Jamaa zao Uingereza

Bismillahi Rahmani Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeikunjua ardhi akatia katika kila nchi riziki ya wenyeji wake na ya wapitao njia. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, ni wengi katika watu wa pwani yetu walio na mwana au ndugu akaaye Uingereza. Mzazi huitwa akakae naye miezi mitatu, minne, mitano. Pengine mjukuu amezaliwa, pengine ni shauku tu. Huuliza khabari za viza, huuliza khabari za ndege na baridi, huagwa kwa dua. Lakini jambo litakalomkabili mara tatu kila siku, nalo ni chakula, hana aliyemwuliza. Na kwa jambo hilo nyumba zilizokuwa na amani huingiwa na manung'uniko.

Tazameni yanavyokuwa. Mavyaa hufika, na mkaza mwana humwandalia kuku na wali. Bibi huitazama sahani, huuliza kuku huyu kachinjwa na nani. Huambiwa amenunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu. Hunyamaza, kisha huomba mkate na chai. Kesho yake ni vivyo hivyo, na mtondo pia. Haipiti wiki ila mkaza mwana analia jikoni, mwana hajui amsikilize yupi, na bibi, ambaye huenda ana maradhi ya sukari, amedhoofika kwa mkate na chai. Naye katika moyo wake adhani hayo ndiyo ucha Mungu.

Yatupasa basi tupambanue mambo mawili: kilicho haramu, na kisichozoeleka. Kilicho haramu amekibainisha Mwenyezi Mungu katika sura ya al-Baqara na ya al-Maida: nyamafu, damu, nyama ya nguruwe, na kilichochinjwa kwa jina lisilokuwa lake. Hapo hapana khiyari, uwe Mombasa au London. Lakini katika sura ya an-Nahl ametukataza pia kuziachia ndimi zetu zikasema hiki halali na hiki haramu kwa kumzulia yeye uwongo. Wengi huikumbuka amri ile ya kwanza na kuisahau hii ya pili.

Ama kisichozoeleka, hukumu yake imo katika hadithi aliyoisimulia Ibn Abbas, nayo imo katika Bukhari na Muslim. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa nyumbani kwa mkewe Bibi Maimuna, akaletewa nyama ya kuchoma ya mnyama wa jangwani aitwaye dhabb, mfano wa kenge mdogo. Alipoambiwa ni nyama gani akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, ila mnyama huyo hakuwa katika nchi ya watu wake, kwa hiyo nafsi yake yamkataa. Khalid akaivuta sahani, akala, na Mtume akimtazama.

Itazameni adabu iliyomo. Nafsi yake ilikataa, naye hakuilazimisha. Lakini hakukigeuza kisichompendeza kuwa haramu, wala hakumharibia mwenziwe chakula chake. Na imepokewa pia kwamba hakukitia ila chakula hata mara moja. Akikipenda hula, asipokipenda hukiacha. Basi wewe bibi, kama supu ya mboga waliyoisaga ikawa kama uji haikupendezi, iache kwa upole. Usiseme, "Hiki nacho ni chakula?" Neno hilo moja humwuma aliyesimama jikoni saa mbili baada ya kurejea kazini.

Sasa khabari ya nyama. Uingereza wako wachinjaji wengi wa Kiislamu, na ziko jumuiya zitoazo vyeti vya halali. Hizo hukhitilafiana: nyingine hukubali mnyama apigwe umeme kidogo kabla ya kuchinjwa, maadamu hafi kwa umeme huo; nyingine hukataa kabisa. Khitilafu hii ni ya wanavyuoni, wala haikatwi mezani na mgeni aliyefika jana. Ukiwa na shaka, mwulize mwanao kwa faragha anunua wapi na kwa cheti gani. Akikujibu ni kwa Mwislamu amwaminiye, basi kula. Bibi Aisha amesimulia kuwa watu walimwuliza Mtume juu ya nyama waletewayo na watu waliokuwa wageni katika Uislamu, wasijue kama jina la Mungu lilitajwa au la. Akawaambia walitaje wao, wale. Lakini hadithi hii si ruhusa ya kula cho chote kilichofungwa kwa karatasi nzuri! Yahusu nyama itokayo kwa Waislamu.

Katika vitu vya paketi, sheria ya nchi ile yatusaidia. Kila paketi huandikwa vilivyomo, kilicho kingi kikitangulia. Tafuteni jina jelatini katika peremende na maziwa mazito ya matunda, kwani mara nyingi hutolewa katika ngozi na mifupa ya nguruwe au ya ng'ombe. Ipo rangi nyekundu iitwayo E120, itokanayo na wadudu. Na ipo E471, ambayo huweza kuwa mafuta ya mimea au ya mnyama, na paketi haisemi ni yapi. Penye alama ya wasiokula nyama, hofu ya mafuta ya nguruwe huondoka. Lakini alama hiyo haizuii mvinyo, kwa hiyo someni mpaka mwisho. Asiyejua Kiingereza amwite mjukuu amsomee. Ni kazi njema kwa mtoto.

Na sokoni je? Huko hapana kupatana bei. Bei imebandikwa, na chini yake kwa herufi ndogo huandikwa bei ya kilo. Hiyo ndogo ndiyo ya kuangalia, maana paketi kubwa si lazima iwe rahisi. Mfuko hulipiwa, basi chukueni kikapu chenu. Jumapili maduka makubwa ya Uingereza hufunguliwa saa sita tu, kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Iko pia khabari ya tarehe. Penye neno "use by", ikishapita usile, kwani ni khatari kwa afya. Penye "best before", chakula huweza kuwa kizima baada yake, na kukitupa bila ya kukitazama ni israfu iliyokatazwa katika sura ya al-Aaraf.

Mwenye hamu ya ugali asinunue paketi iliyoandikwa "cornflour". Ule ni wanga mtupu, nao hugeuka gundi sufuriani. Unga wa mahindi huuzwa katika maduka ya Waafrika, mathalan Peckham na Brixton, pamoja na muhogo na ndizi za kupika. Bizari na iliki ziko tele kwa Wahindi na Wapakistani wa Southall na Green Street. Mbuzi ya nazi na kifumbu viacheni nyumbani. Tui huuzwa katika kopo. Likikaa mahali pa baridi kasimile huganda juu, na maji hubaki chini, basi mpishi ajuaye huteka kila kimoja kwa wakati wake. Halifikii nazi iliyokunwa asubuhi, nami sidai kuwa lafikia, lakini samaki wa kupaka hutoka.

Wala msichukue samli, wala nyama iliyokaushwa, mkaificha katika nguo. Nyama na maziwa kutoka nchi zetu haviruhusiwi kuingizwa na msafiri, na kumdanganya mkaguzi ni uwongo kama uwongo mwingine.

Jambo moja nalikaza kuliko yote, kwani ni roho za watu. Asiwashe mtu mkaa ndani ya nyumba, kwa kuchoma samaki wala kwa kuota moto. Huku kwetu moshi hupita madirishani. Kule madirisha hufungwa kwa baridi, na mkaa hutoa hewa isiyoonekana wala kunuka, humlevya mtu usingizini akafa asijue. Kengele ya moshi ikilia kwa ajili ya chapati, fungueni dirisha, msiing'oe.

Mzazi si mgeni wa siku tatu. Ana haki kwa mwanawe. Lakini Mtume alipomkataza mgeni asikae kwa mwenyeji wake hata akamtia katika dhiki, maana ya katazo hilo yatufaa sote. Jiko ni la mkaza mwana. Omba siku yako moja katika wiki, useme leo nitapika mimi, na umwite mjukuu aone pilau inavyokaangwa. Na kwa kuwa Mtume alimwusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi awaangalie majirani zake, mpelekeeni jirani sahani, hata kama si Mwislamu. Lakini kule wako watu ambao chembe ya karanga au ufuta huweza kuwaua. Ndiyo sababu vitu kumi na vinne vya namna hiyo hupambanuliwa kwa herufi nzito katika paketi. Mjukuu atakayebisha hodi na aseme mlangoni mna nini ndani ya sahani, kabla haijatoka mkononi mwake.

Wallahu aalam.