Shikamoo ya Dukani

Wanangu, nimefanya kazi ya dukani hapa Dar es Salaam kwa miaka 27. Nimepanga bidhaa, nimekaa keshia, nimemalizia nikiwa msimamizi wa zamu. Sasa nimestaafu, magoti yananisumbua, na hasira zangu zimekwisha. Limebaki neno moja ninalotaka kuwaambia ninyi mnaoingia madukani na watoto. Lipokeeni kama neno la mzee anayewatakia heri.

Nianze na Jumamosi moja. Mama alikuwa upande wa friji, simu sikioni, anachagua maziwa. Wanawe wawili walishapata toroli. Mkubwa, wa miaka sita hivi, amesimama ndani yake. Mdogo anasukuma mbio, kichwa kimeinama, haoni mbele. Mwisho wa njia ile kijana wa zamu yangu alikuwa amepanga glasi tangu alfajiri, boksi juu ya boksi, na chache amezitoa nje ili wateja wazione. Toroli halikusimama mpaka lilipozifikia.

Kioo kikipasuka dukani, watu wote hunyamaza. Kijana yule alipiga magoti. Mkono mmoja anazoa vigae kwa kipande cha boksi, mkono wa pili amemshika yule mdogo asisogee, maana mtoto alivaa ndala na vigae vilikuwa vimemzunguka pande zote. Mama akatokea. Hakutazama chini. Alisema, "Wewe! Nani kakwambia umguse mwanangu?" Kisha akauliza kwa nini tunapanga vioo njiani. Akawachukua wanawe, akalipia maziwa, akaondoka. Wale watoto hawakusema samahani, na siwalaumu, kwani hakuna aliyewaambia waseme.

Mwisho wa mwezi kijana alikatwa mshahara. Karatasi ya makato niliisaini mimi, msimamizi wake, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya pale: kikivunjika kwenye njia yako, ni juu yako. Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu jambo lile. Mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi fidia ya hasara ila kama hasara imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, naye amepewa nafasi ya kujieleza, na hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kosa la kijana yule lilikuwa lipi? Saini ile inaniuma mpaka leo. Enyi wenye maduka na wasimamizi, isomeni sheria hiyo kabla hamjashika kalamu. Nanyi wazazi, mjue kwamba kile mnachokidhania ni hasara ya tajiri, mara nyingi kinalipwa na yule aliyepiga magoti kukizoa.

Mimi nilikulia wakati wa duka la kaunta. Mwaka 1976, serikali ilipofunga maduka mengi ya watu binafsi katika Operesheni Maduka, nilikuwa na miaka 13, nikitumwa duka la kijiji kufuata chumvi na sukari. Bidhaa zote zilikuwa nyuma ya muuzaji. Hukugusa hata kiberiti kabla hujasema shikamoo, ukaitikiwa marahaba, ndipo ukaeleza ulichotumwa. Ukifanya utundu, habari ilikutangulia nyumbani, kwa sababu muuzaji anamjua baba yako na baba yako anamjua yeye. Mtindo wa mteja kujichukulia mwenyewe ulitoka Marekani, ambako Clarence Saunders alifungua duka la namna hiyo mjini Memphis mwaka 1916. Toroli likafuata mwaka 1937. Kwetu ulienea biashara ilipofunguliwa, tangu miaka ya Mzee Mwinyi. Sina ugomvi nao. Nimekula mkate wake. Lakini kaunta ilipoondoka, salamu nayo iliondoka. Leo mtoto yule yule anayeamkia wazee wote mtaani, akiingia dukani anampita mhudumu kama anavyoipita nguzo. Hakuzaliwa na tabia hiyo. Anawaona mama na baba wanavyopita, naye anafuata.

Kuna jambo jingine, na hili lishikeni hata kama mtayaacha mengine yote. Mtoto akisumbua, mzazi humwambia, "Nyamaza, la sivyo nitamwita yule askari akukamate." Au, "Yule kaka atakufungia stoo." Mzazi anataka dakika mbili za utulivu, nami namwelewa. Ila siku moja, jioni ya kuamkia sikukuu, duka limefurika, tulipotelewa na mtoto wa miaka minne. Tulimtafuta karibu nusu saa. Mlinzi alipita mara mbili akimwita kwa jina lake, na mtoto alikuwa hapo hapo, amejibana nyuma ya magunia ya mchele, kimya, kaptula imelowa mkojo. Nilipomnyanyua alikuwa anatetemeka. Akaninong'oneza, "Askari asinione." Mtu ambaye mtoto aliyepotea alipaswa kumkimbilia, yeye alifundishwa kumkimbia. Mama yake alikuwa analia kwa sauti pale keshia. Nilimkabidhi mwanawe, sikuwa na moyo wa kumwambia neno.

Ndiyo maana nasema heshima kwa mtu wa dukani si fadhila mnayomfanyia yeye. Ni ulinzi wa mtoto wenu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mzazi wajibu wa kumlinda mtoto na kumwongoza, na imemtaka mtoto naye awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa wake. Sijaona mahali ambapo wajibu huo unasimama mlangoni mwa duka.

Najua mmechoka. Nimewaona mkiingia saa mbili usiku mmetoka kazini, mgongoni mtoto, mkononi mtoto, na daladala mmesimama njia nzima. Nyumba nyingi za kupanga siku hizi hazina hata uwanja wa kurukia kamba. Mtoto aliyeshinda chumbani akikuta njia pana yenye sakafu ya kuteleza, miguu inamponyoka. Na wenye maduka hawawasaidii. Pipi na chokoleti zinawekwa karibu na keshia, kwenye kimo cha macho ya mtoto, mahali ambapo mzazi yuko kwenye foleni na hana pa kukimbilia. Nimezipanga kwa mikono yangu. Zinawekwa pale kwa makusudi, na makusudi hayo si mema.

Basi jiandaeni kabla. Mtoto ale kwanza, maana mwenye njaa hasikii. Mwambieni nje, kabla ya kuingia, mnakwenda kununua nini na hamtanunua nini. Mpeni kazi: ashike karatasi, atafute sabuni, ahesabu vitunguu. Nimewatazama watoto kwa miaka mingi, na yule aliyepewa kazi huwa hana nafasi ya kupanda rafu. Akililia chokoleti nawe ulishasema hapana, mwache alie. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sisi wa dukani tuna watoto pia, kilio hakitusumbui kama mnavyodhani. Kinachotuvunja moyo ni mtoto kufungua mtindi, akanywa nusu, na mzazi akauficha nyuma ya makopo huku mtoto anamtazama.

Na akivunja kitu? Usimchape mbele za watu, wala usitoroke naye. Mshike mkono, nenda naye kwa mhudumu, aseme samahani kwa kinywa chake. Kama una fedha, ulizia bei. Kama huna, sema huna, lakini mfuate msimamizi umwambie: "Aliyevunja ni mwanangu, kijana huyu hana kosa." Maneno hayo hayagharimu senti. Mama wa Jumamosi ile angeyasema, mimi nisingepata ujasiri wa kuisaini karatasi ya makato.

Nanyi vijana mnaopanga bidhaa, najua mnavyovumilia. Msimfinye mtoto wa mtu, msimkaripie. Mzuieni asiumie, kisha mtafuteni mzazi, mzungumze naye kwa upole hata akija juu.

Jumamosi hii mkifika dukani, simameni kidogo mlangoni kabla hamjachukua toroli. Mwamkieni mlinzi, na mtoto naye aamkie. Msubirini mpaka aitikie.