Dawa Ikikosekana, Neno Lisikosekane

Kwenye dirisha la dawa kuna neno moja ambalo wagonjwa huliogopa kuliko jina la ugonjwa wenyewe: "Hakuna." Mgonjwa huambiwa hivyo, hurudishiwa cheti chake akanunue dukani, na mazungumzo yakaishia hapo. Leo twauliza: je, tabibu asiye na dawa amekwisha kulipa deni lake kwa mgonjwa?

Tumfikirie mvuvi wa Kirumba, mjini Mwanza, mwenye shinikizo la damu. Kesho anaondoka Mwaloni kwenda visiwani kwa majuma mawili. Akiambiwa "Hakuna" na asiambiwe zaidi, atafanya nini? Atavihesabu vidonge vilivyosalia, ameze leo, kesho aache, ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Amejifanya tabibu wa nafsi yake, si kwa kiburi, bali kwa sababu mwenye kujua alinyamaza. Mama wa mtoto mwenye kifafa naye atapunguza vivyo hivyo, wala hajui ya kuwa dawa hiyo ikikatwa ghafla yaweza kuleta kifafa kisichokoma, hata kifo. Na wako wenye kisukari ambao siku chache tu bila insulini zatosha kuwaua.

Hatusemi kwamba uhaba ni kosa la tabibu. Mwezi wa Mei 2016 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya upungufu wa dawa na chanjo ulimwenguni. Basi taabu hii si ya zahanati zetu peke yake. Hapa Tanzania Bohari ya Dawa iliundwa kwa sheria ya 1993 ili inunue, itunze na kusambaza dawa, lakini dawa hupita mikono mingi kabla ya kufika kinywani mwa mgonjwa. Tena tarehe 20 Januari 2025 agizo lililotiwa sahihi Washington lilisimamisha misaada ya Marekani kwa siku 90, na hofu ikawaingia watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI katika nchi zetu. Tabibu hakulitia sahihi agizo lile. Hata hivyo yeye ndiye aliyeulizwa.

Labda mtu atasema: "Foleni imefika barabarani, tabibu atapata wapi nafasi ya maneno?" Hoja hii ina uzito. Lakini maneno yanayotakiwa si mengi. Amwulize mgonjwa: "Umebakiwa na vidonge vingapi? Wasafiri siku ngapi? Una fedha kiasi gani?" Kisha amweleze dawa ipi haifai kukatwa, ipi yaweza kubadilishwa kwa nyingine, na dalili zipi zikitokea arudi upesi. Mtu mwenye fedha ya dawa moja akiandikiwa tatu, hununua ile ya bei rahisi au ile ya kutuliza maumivu, akaiacha dukani ile iliyomlinda asife. Ni nani awezaye kumwambia ipi itangulie, ila tabibu? Na kabla ya kumtuma mtu mwenye homa azunguke mji mzima, haingefaa kwanza kuuliza kwa simu dawa inapatikana wapi?

Wako wanaoficha uhaba kwa huruma, wasije wakamtia mgonjwa hofu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humwumbua. Ndivyo ilivyo kwa uhaba pia. Mgonjwa aliyeambiwa mapema hupata mwezi wa kujitayarisha. Aliyefichwa hupata usiku mmoja wa kuhangaika.

Na dawa chache zikisalia, apewe nani? Si jamaa wa mwuguzi, wala mwenye sauti kubwa, bali yule ambaye kukosa kutamdhuru kuliko wenzake. Kuweka kando kasha kwa ajili ya rafiki ni kumnyang'anya mtu asiyejulikana jina, naye aweza kuwa mahututi. Neno hili latuhusu sisi Wakatoliki pia, maana Bugando, hospitali kubwa ya kanda iliyofunguliwa Mwanza mwaka 1971, ni ya Baraza la Maaskofu, na zahanati zetu ziko nyingi nchini.

Hata hivyo tusidanganyane: neno jema si insulini. Upole wa tabibu usiwe pazia la kuwafunika waliopaswa kuleta dawa. Kwa hiyo kila "Hakuna" iandikwe daftarini, maana maombi ya dawa hukadiriwa kwa hesabu za vituo, na mgonjwa aliyerudishwa bila kuandikwa ni kama hakufika kamwe. Wenye mamlaka nao wazisome hesabu hizo na kuzitimiza.

Tabibu hawezi kutoa asichopewa. Lakini ujuzi wake alipewa, nao hauishi ghalani. Yule mvuvi anayeshika njia ya visiwani ana haki ya kuondoka nao, hata kama mfuko wake wa vidonge ni mwepesi.